Kidonge cha Siku Usiyoumwa

 Msikilizaji uliye Ngamiani, uliye Pangani mjini au ng'ambo ya mto kule Bweni, uliye Muheza unapanga machungwa ya kupakia kesho, na wewe wa Moa uliye jirani na mpaka wa Kenya, nyote karibuni. Jioni hii tunazungumza habari ya dawa ya presha: inavyomezwa, inavyoharibiwa, na inavyoweza kumdhuru mtu yule yule aliyeifuata ili imsaidie.

Ukipata malaria unajua kwa nini unameza dawa. Mwili unawaka, mifupa inauma, na homa ikishuka unajua dawa imefanya kazi yake. Presha haina ukweli wa namna hiyo. Damu inaweza kuzisukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka kumi, na mtu analima, anavua, anabeba wajukuu, wala hana hata kizunguzungu. Miaka yote hiyo moyo unafanya kazi ya ziada, figo zinachakaa, na mishipa midogo ya ubongo na ya macho inakakamaa. Ndiyo maana dawa hii ina sharti gumu kuliko dawa nyingi: unatakiwa uimeze siku ambayo huumwi. Siku uliyoamka mwepesi, umekunywa chai yako, unakwenda kwenye shughuli zako, hiyo ndiyo siku yake. Anayengoja kichwa kimgonge ndipo afungue bahasha ya dawa, huyo hatibu presha, anatibu kichwa.

Na tuko wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipima watu Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, kwa jirani zetu wa Kilimanjaro. Wenye presha waliokuwa wanajua kwamba wanayo walikuwa kama mmoja tu katika kila watano. Waliokuwa wanatumia dawa walikuwa nusu ya hao. Na wale ambao presha yao ilikuwa imetulia kweli hawakufika hata 1 katika kila 100. Miaka imepita, huduma zimeongezeka, lakini hatua ile ya mwisho, ya mtu aliyekwisha pimwa, akaandikiwa na akapewa dawa mkononi, bado wengi tunajikwaa hapo hapo. Kwa hiyo leo nasema zaidi na wewe ambaye dawa unayo tayari, iko kwenye kabati au kwenye mkoba.

Siku moja nilikaa kwenye benchi la kliniki pembeni ya mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, miguu imevimba mpaka kandambili zimeacha alama. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akafungua pochi yake akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hizi, macho yangu hayaoni vizuri." Ndani mlikuwa na bahasha mbili za kaki na boksi moja la dawa. Bahasha ya kwanza imeandikwa kwa kalamu: 1 x 1. Basi. Jina la dawa halipo, nguvu yake haipo, tarehe haipo. Ndani yake vidonge vyeupe vidogo. Lile boksi lilitoka Dar es Salaam, bintiye amemnunulia, lina jina la kiwandani la kuvutia, na chini yake kwa herufi ndogo sana: amlodipini, miligramu 10. Nikamuuliza hivi vidonge vyeupe ni nini. Akasema, "Hivyo ni vya presha, vya kliniki. Na hivyo vya boksi ni vya presha pia, vya mwanangu. Nakunywa vyote, asubuhi hiki, usiku hiki." Daftari lake la kliniki lilionyesha kwamba vile vyeupe navyo ni amlodipini, miligramu 5.

Dawa ile ile, majina mawili. Miligramu 15 kwa siku, wakati kiwango cha juu cha mtu mzima ni 10. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu ili ipanuke, na mojawapo ya mambo inayoyafanya, hasa dozi ikiwa kubwa, ni kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Mama yule hakujua. Miguu ilipovimba alidhani ni figo, akaenda duka la dawa, akapewa kidonge cha kukojoza maji. Hiyo ndiyo bahasha ya pili. Sasa anakojoa usiku kucha, maji mwilini yanapungua, akisimama anaona giza, na miguu imevimba vile vile, kwa sababu uvimbe wa amlodipini hautoki kwa dawa ya mkojo. Dawa ya tatu ilikuja kutibu madhara ya kuzidisha ya kwanza.

Nimekaa na jambo hili kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mtu wa presha anaweza kulifanya bila kukusudia. Na sitaki kumlaumu mama yule. Aliambiwa "vidonge vya presha" na yeye akavimeza kwa utii, kuliko vijana wengi. Aliyenyimwa haki ni yeye. Kila anayepewa dawa ana haki ya kuondoka dirishani akijua mambo matatu: jina la dawa lenyewe, si la kiwanda, nguvu yake kwa miligramu, na ameze mara ngapi kwa siku. Bahasha ikiwa imeandikwa 1 x 1 peke yake, irudishe kwa upole, sema, "Daktari, naomba uniandikie na jina." Hakuna atakayekufukuza. Na siku ya kliniki beba kila kitu unachokunywa nyumbani, mpaka cha mzizi na cha chupa, ukiweke mezani. Daktari hawezi kulinganisha asichokiona.

Lipo na la kuazimana dawa. Barazani mtu anasema leo kichwa kinanizunguka, jirani anaingia ndani anatoa kidonge chake, "Chukua hiki, mimi kilinisaidia." Ni upendo, najua. Lakini dawa za presha si ukoo mmoja. Losatani, kaptoprili na enalaprili ni nzuri sana kwa wengi, na ni hatari kwa mwanamke mjamzito, kwa sababu zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Mwenye mimba ana dawa zake, kama metildopa au nifedipini ya kutoka taratibu, nazo huchaguliwa na mtu anayejua mimba ina miezi mingapi. Binti anayetumia losatani naye anafikiria kupata mtoto, amwambie daktari kabla, asingoje tumbo lionekane. Atenololi na propranololi, zinazopunguza kasi ya moyo, zinaweza kumbana kifua mwenye pumu. Kidonge kilichomsaidia jirani kilichaguliwa kwa kuangalia mwili wa jirani.

Na kwa nini wengine tunapewa viwili kwa pamoja? Wapo wanaoona ni dalili kwamba hali imekuwa mbaya, wakaamua wenyewe kupunguza kimoja. Sivyo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa zaidi ya 700. Ulionyesha kwamba kwa sisi Waafrika weusi, amlodipini ikiunganishwa na dawa ya mkojo, au na dawa ya ukoo wa enalaprili, hushusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kila kimoja kinafanya kazi kwenye mlango wake: kimoja kinapanua mishipa, kingine kinatoa chumvi na maji. Ukikitoa kimoja, unaubakiza mlango wazi.

Saa ya kumeza nayo huwa inaulizwa sana. Asubuhi au usiku? Waingereza walilichunguza hili kwa watu zaidi ya 21,000, nusu wakimeza asubuhi na nusu jioni, na mwaka 2022 wakatoa jibu: kwa kukinga mshtuko wa moyo na kiharusi hakukuwa na tofauti. Saa bora ni ile usiyoisahau. Ukisharudi kutoka swala ya alfajiri, au chai inapomiminwa, weka kidonge hapo kila siku. Dawa ya mkojo ndiyo inayofaa asubuhi, usije ukakesha ukienda chooni. Ukisahau, ukakumbuka mchana, meza. Ukikumbuka kesho yake, meza cha siku hiyo peke yake. Usimeze viwili kulipa deni.

Wazee wangu, nina neno lenu. Dawa hizi zinaweza kumfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla. Unaposikia adhana ya alfajiri, usiruke kitandani. Kaa kwanza ukingoni, miguu chini, hesabu taratibu, ndipo usimame. Ukiinuka kutoka kwenye sijda ukapata kizunguzungu kila mara, mweleze daktari, huenda dozi imezidi. Mzee kuanguka akavunjika nyonga ni jambo zito kama presha yenyewe.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango, na mpango ufanywe Shaabani, usingojee mwezi uandame. Dawa inayomezwa mara moja kwa siku haina taabu, itahamia kwenye futari au daku. Inayomezwa mara mbili au tatu, kama kaptoprili, daktari anaweza kuibadilisha kwa inayokaa siku nzima. Dawa ya mkojo ukiimeza daku, kisha ukashinda na joto la Tanga bila tone la maji, utakauka, na figo zitaumia; omba ihamishiwe futari au ipunguzwe. Na ambaye presha yake haijatulia, au figo zake zimeshaguswa, asione haya kula. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na sheikh wako atakueleza vizuri kuliko mimi.

Tuje kwenye vitu vinavyogombana na dawa. Kinachoniogopesha kuliko vyote hakitoki porini, kinatoka dukani, nacho ni dawa ya maumivu. Mgongo umeuma, goti limeuma, mtu ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki nzima, mwezi mzima. Dawa hizi zinazuia figo kutoa chumvi, presha inapanda, na dawa yako ya presha inaonekana haifanyi kazi. Ukiziunganisha na losatani au enalaprili pamoja na dawa ya mkojo, zote tatu kwa mpigo, figo zinaweza kusimama. Kwa maumivu ya kawaida itoshe parasetamoli, kwa kiwango chake, na muuzaji mwambie mapema, "Mimi nina presha." Vidonge vya mafua vya kuzibua pua navyo, vingine vinapandisha presha; sema vile vile.

Matunda yetu hayana ubaya. Chungwa la Muheza lile kwa raha zako. Ila balungi, na danzi pia, yana kitu kinachozuia utumbo kuivunja dawa kama nifedipini, dawa ikaingia nyingi kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Madafu ni kinywaji kizuri, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye figo dhaifu anayetumia losatani au enalaprili, potasiamu ikimrundikia mwilini inaweza kuuvuruga moyo. Huyo aulize kabla ya kuyafanya maji yake ya kila siku. Papa na ng'onda sitasema mengi, nitatafutiwa ugomvi pwani nzima: waloweke, maji yamwagwe, na mboga isitiwe chumvi nyingine. Kiasi cha chumvi kwa siku nzima ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo imo tayari ndani ya samaki.

Mitishamba je? Mlonge, choya, kitunguu saumu, kila mtu ana chake. Baadhi yake inashusha presha kidogo kweli, na hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu ukiongeza juu ya dawa huenda ikashuka mno. Urukususu, ule mzizi mtamu wa maduka ya dawa za Kiarabu, unafanya kinyume chake: unapandisha presha na kuiondoa potasiamu. Mimi siamini kwamba hospitali na mganga lazima wawe maadui. Hapa hapa Tanga, miaka ya 1990, Tanga AIDS Working Group iliwakalisha pamoja madaktari na waganga wa jadi katika habari ya UKIMWI, na wakaelewana. Kwenye presha naomba uelewano ule ule. Kunywa kombe lako ukipenda, soma dua yako, lakini kidonge kisikae kabatini kwa sababu hiyo. Na mganga mwaminifu akikuona una karatasi ya vidonge, atakwambia endelea.

Usiache dawa ghafla, hasa atenololi na propranololi, maana moyo unaweza kurudi kwa kishindo, ukaenda mbio na kifua kikauma. Presha ikisoma 120 kwa 80 maana yake dawa inafanya kazi. Ukiiacha itapanda tena. Ukiona madhara, kama kikohozi kikavu kisichokoma cha kaptoprili au enalaprili, nenda ukabadilishiwe, zipo nyingine. Jambo moja tu ndilo la kusimamisha hapo hapo na kukimbilia hospitali: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla baada ya dawa za ukoo huo. Hutokea kwa wachache, na kwa watu weusi zaidi kuliko wengine, na uvimbe ule unaweza kuziba koo. Na ukipatwa na kuharisha au kutapika kwingi, piga simu au nenda kituoni uulize kama dawa ya mkojo na losatani zisimame kwa siku hizo.

Kuna mazoea ya zamani ya kutoboa kidonge laini cha nifedipini na kukidondoshea chini ya ulimi presha inapokuwa juu. Tafadhali, msifanye hivyo. Presha iliyozoea kuwa juu ikiporomoka kwa dakika chache, ubongo na moyo vinakosa damu, na mtu anapata kiharusi kile kile kilichokuwa kinaogopwa. Tangu mwaka 1996 madaktari walikwisha kuandika kwamba jambo hili liachwe.

Na kiharusi chenyewe kikija, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki, msianze kubishana kama ni upepo mbaya au mtu ametupiwa. Angalieni saa dalili zilipoanza, mkaikariri, mpelekeni hospitali, Bombo au iliyo karibu, na dawa zake zote mkononi. Msimpe maji wala kidonge, huenda hawezi kumeza. Dua isomwe njiani.

Mwisho niseme na wanaotoa dawa. Wavuvi wetu wanakwenda dago. Mtu anatoka Kigombe au Moa, anakaa ufuo wa mbali mwezi mzima, kisha upepo ukibadilika anavuka kwenda Pemba. Huyu nimemsikia akisema anapewa vidonge vya wiki mbili, akiambiwa arudi. Hawezi kurudi. Siku ya kumi na tano yuko baharini bila kidonge, anajisikia mzima, na kwa kuwa anajisikia mzima hana haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mgonjwa ambaye presha yake imetulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Basi aliyetulia apewe dawa za muda huo, zikiwa kwenye pakiti zake zenye jina na tarehe ya kuisha, aziweke kwenye kopo kavu mbali na jua na maji ya chumvi. Na mvuvi anayemwambia daktari kwamba atakuwa dago hadi mwezi ujao, aandikiwe vidonge vya kumfikisha huko na vya kumrudisha.